Vladivostok siku tatu, kisha treni ya Moscow: uzoefu wangu

Wengi ninaowajua waliopanda treni ya Siberia kutokea Vladivostok, mji wa bandari ulioko mashariki ya mbali ya Urusi, walifika mjini asubuhi wakaondoka jioni. Sisi tulikaa siku tatu, na kama ningepanga upya ningeongeza ya nne. Naandika kwa ajili ya wanafunzi wenzangu walioko Urusi, na kwa yeyote wa nyumbani anayeifikiria safari hii, maana nilipotafuta maelezo kwa Kiswahili kabla ya kuondoka sikupata kitu.

Tulikuwa watatu: mimi wa Dar, mwenzangu wa Mombasa, na ndugu yetu mmoja wa Bukavu. Sote tunasoma Moscow. Mapema Julai, mitihani ilipokwisha, tuliruka kwa ndege hadi Vladivostok, zaidi ya saa nane angani bila kutoka ndani ya nchi moja, ili turudi kwa reli. Njia hiyo naipendekeza kwa moyo wote. Ukianza na treni unafika baharini umeshachoka, unataka kulala tu. Ukianza na bahari, treni ndiyo inayokupumzisha.

Jambo la kwanza la kujua ni saa. Vladivostok iko mbele ya Moscow kwa saa saba, na saa ya Moscow ni ileile ya Dar na Mombasa. Kwa hiyo ukimpigia mama yako huku jua la saa sita likikuwakia kichwani, kule ni saa kumi na moja alfajiri. Zamani tiketi za treni Urusi nzima ziliandikwa kwa saa ya Moscow na watu walipotezwa nazo. Tangu Agosti 2018 zinaandikwa kwa saa ya mahali unapopandia. Hata hivyo, soma tiketi yako mara mbili.

Siku ya kwanza mji hatukuuona. Juni na Julai ukungu unatoka baharini na kuulalia mji kama shuka lililolowa. Wenyeji wanasema miezi mizuri ni Agosti na Septemba. Tulipanda funikula, kibehewa kinachovutwa na kamba ya chuma kupanda mlima, kilichopo tangu 1962. Safari yake haifiki dakika mbili. Kutoka juu unatembea kidogo hadi Kiota cha Tai, kilele ambacho kila mtu anakuambia usikikose. Tukafika, tukasimama kwenye ukingo, na mbele yetu palikuwa peupe. Nguzo za daraja zilichomoza vichwa tu, basi.

Nilitaka tushuke. Mwenzetu wa Mombasa akanishika mkono: "Ngoja kwanza, sikiliza." Chini ya ule weupe honi za meli zilikuwa zinalia. Baba yake amefanya kazi Kilindini miaka mingi, na yeye alikua akizisikia. Mlio mmoja mrefu, kimya, kisha mwingine kabla dakika mbili hazijatimia: hicho ni chombo cha injini kinachotembea. Miwili mirefu mfululizo: kiko majini, hakijatia nanga, lakini kimesimama. Akafumba macho akatuonyesha kwa kidole kila kilipo, kimoja kinatoka, kimoja kinangoja nafasi. Tulikaa pale karibu saa nzima tukiisoma bandari kwa masikio. Nimeona picha nyingi za kile kilele siku za jua, na nina za kwangu nilizopiga kesho yake ukungu ulipoondoka, lakini Vladivostok ninayoikumbuka ni ile ya siku ya kwanza.

Kesho yake, kama nilivyosema, pazia lilifunguka. Hori lililoingia katikati ya mji linaitwa Zolotoy Rog, yaani Pembe ya Dhahabu, jina lililochukuliwa kutoka Istanbul. Upande mmoja kuna manowari za kijivu, upande mwingine winchi za bandari, na juu yake daraja lililofunguliwa 2012. Mji wenyewe ulianzishwa 1860, na jina lake maana yake ni kuitawala Mashariki. Kwa miaka mingi ya enzi ya Kisovyeti wageni hawakuruhusiwa kuingia kabisa, mpaka 1992. Tulipokuwa tunatembea kwa uhuru kwenye mtaa wa Svetlanskaya, watu watatu weusi tunaozungumza Kiswahili kwa sauti, hilo nililifikiria sana. Watu walitutazama, ndiyo. Wengi walitabasamu, na bibi mmoja aliyekuwa anauza matunda ya msituni alitujazia kikombe cha pili bila kukubali pesa.

Halafu magari! Hapa ndipo nilipojisikia nyumbani kuliko mahali popote Urusi. Urusi wanaendesha upande wa kulia wa barabara, na Moscow usukani uko kushoto kama inavyotarajiwa. Vladivostok iko jirani na Japani, kwa hiyo barabara zimejaa magari ya Kijapani yaliyotumika, yenye usukani kulia kama yetu: Probox, Noah, Harrier, Vitz. Ni magari yaleyale yanayoshushwa Dar na Mombasa. Mwenzetu wa Bukavu, aliyezoea Moscow, kila tulipoita teksi alienda mlango wa kulia akakutana na dereva uso kwa uso. Dereva mmoja tulimweleza kwamba hata kwetu usukani uko upande huo, akafurahi, akaanza kutuuliza bei za Toyota Tanzania mpaka tukafika.

Nyambizi S-56 imepandishwa nchi kavu kando ya maji na ni makumbusho tangu 1975. Ingieni. Wakati wa Vita Kuu ya Pili iliondoka hapa, ikavuka Pasifiki, ikapita mfereji wa Panama na Atlantiki hadi kaskazini mwa Urusi kwenda kupigana. Ndani unapita kwenye matundu ya duara ukiinama, na mabaharia walilala chumba kimoja na torpedo. Nilipogusa kitanda kimoja cha chuma, chembamba kuliko benchi la shule, niliacha kabisa kulalamikia kitanda cha treni kilichokuwa kinanisubiri.

Mnara wa taa wa Tokarevsky ndio niliouombea muda zaidi. Unafika kwa basi kisha unatembea, na mwisho kabisa kuna ulimi mwembamba wa mawe unaoingia baharini hadi kwenye mnara mweupe wenye paa jekundu. Maji yakijaa ulimi unafunikwa. Sisi tulikuta maji ya vifundo vya miguu, tukavua viatu. "Mayi iko baridi sana, ndugu yangu!" alipiga kelele wa Bukavu, mtu wa Ziwa Kivu, lakini alitembea mpaka mwisho. Wa Mombasa alishangaa jinsi bahari ya huku inavyopanda na kushuka kidogo tu. Kwetu maji yakipwa unaweza kutembea mbali mpaka kwenye miamba. Tulikaa juu ya mawe, miguu imekufa ganzi, tukiangalia meli za makontena zikipita karibu mno na sisi.

Chakula: nunueni pyan-se barabarani, mkate mweupe uliopikwa kwa mvuke wenye kabichi na nyama ndani, asili yake Korea. Ndugu Waislamu, mara nyingi nyama yake ni ya nguruwe, kwa hiyo ulizeni kabla. Neno la kukumbuka ni "govyadina", nyama ya ng'ombe, na kama hamna uhakika kuna samaki wa kutosha mji huu. Kombe wakubwa wanaoitwa grebeshok, waliokaangwa kwa siagi, walitutosha wote. Kaa wa Kamchatka ni mtamu, ila bei yake si ya mwanafunzi. Tulimgawana mguu mmoja watu watatu.

Sasa malalamiko yangu. Hosteli tuliyofikia, ambayo siitaji jina, haikutuambia kwamba maji ya moto yamekatwa. Kila kiangazi miji ya Urusi hufunga maji ya moto mtaa kwa mtaa, hadi wiki mbili, ili kukarabati mabomba. Hilo ni la kawaida na kila anayeishi huku analijua. Kosa ni kuchukua pesa zetu kwanza, kisha kutuonyesha bomba baadaye, wakati mtu anakabiliwa na siku saba za treni isiyo na bafu katika mabehewa mengi. Kabla hamjalipa popote, ulizeni: "Maji ya moto yapo?" Na fedha pia: Visa na Mastercard za nyumbani hazifanyi kazi Urusi tangu Machi 2022. Sisi tuna kadi za benki za hapa. Anayetoka Dar au Nairobi abebe taslimu za kutosha.

Siku ya tatu asubuhi tulivuka kwenda Kisiwa cha Russky kwa basi, juu ya daraja ambalo lilipofunguliwa 2012 ndilo lilikuwa na nafasi ndefu kuliko zote duniani kati ya nguzo mbili kwa madaraja ya aina yake, mita 1,104. Chuo kikuu kiko kule, mbele yake kuna ufukwe. Mchana tulirudi soko la Sportivnaya kununua vya njiani: mkate mweusi, matango, nyanya, mayai ya kuchemsha, tambi za kumwagia maji ya moto. Msinunue vya siku saba. Treni inasimama muda mrefu kwenye stesheni kubwa kama Khabarovsk, Chita na Irkutsk, na mnaweza kuongeza.

Kuhusu tiketi: tulichukua platskart, daraja la tatu, behewa la wazi lenye vitanda 54. Ni nafuu kuliko vyumba vya kufunga, na kwa watu watatu waliokuja pamoja ndiyo raha yenyewe. Namba witiri ni vitanda vya chini, shufwa ni vya juu. Kuanzia 37 ni vya pembeni mwa njia, vifupi, watu wanakupitia usiku kucha. 33 hadi 38 viko jirani na choo, viepukeni. Shuka, foronya na taulo mnapewa. Maji ya moto yapo mchana na usiku kwenye birika kubwa mwanzo wa behewa, bure.

Fikeni stesheni mapema, maana inafaa kutazamwa. Jengo la sasa ni la 1912, limefanana na stesheni ya Yaroslavsky mnakoenda kushukia Moscow, na jukwaani kuna nguzo yenye namba 9288, kilomita za njia nzima. Reli hii ilianza kujengwa hapahapa 1891. Mhudumu wa behewa, mama mwenye sauti kali, alisoma pasipoti zetu herufi kwa herufi, kisha akauliza kama tumebeba vikombe. Hatukuwa navyo. Akatuletea bilauri tatu ndani ya vishikio vya chuma vyenye nakshi.

Kaeni upande wa kushoto treni inapoondoka. Jioni ya Julai jua bado liko juu, na reli inaifuata Ghuba ya Amur kwa muda mzuri kabla ya kuiacha bahari. Wa Mombasa alitoa mfuko wa iliki na tangawizi kavu aliotumiwa na mama yake, akaenda kwenye birika akarudi na chai. Bilauri zilikuwa zinagongana kidogo na vishikio vyake kila treni ilipopinda. Nje watu walikuwa bado wanaogelea. Tulinywa bila kusema kitu mpaka maji yakapotea nyuma ya miti, ndipo wa Bukavu akauliza kama imebaki nyingine.