Asiransi ya imbwa mu Lubumbashi: nililipa mwaka mzima, sasa nawaambia

"Weye mwenyewe hauna asiransi, imbwa njo itakuwa nayo?" Hivyo njo mama aliniambia siku nilimuonyesha karti ya Makayabu, akacheka mpaka akaweka mwiko chini na bukari ikaanza kuungua. Na alikuwa na haki kidogo, ju mi nikigonjwa ninalipa tu kwa mfuko wangu, hakuna mutuelle (kile kikundi cha kulipiana matibabu), hakuna nini.

Makayabu ni imbwa yangu, miaka 4, rangi ya vumbi, hana rasi yoyote, ni wa komini yetu ya Kampemba tu. Jina alilipata akiwa mtoto, aliiba makayabu, ile samaki ya chumvi, mama aliyoloweka mu basani kwa ajili ya Noeli, chumvi yote ile, akakunywa maji siku mbili bila kupumzika.

Hii hadithi ya asiransi ilianzia kwa yaya wangu, mkubwa wangu wa tumbo moja, anaishi Liège, Ubelgiji. Yeye ako na bouledogue, zile za pua fupi zinakoroma sawa mzee, na kila mwezi analipa euro 38 ya asiransi ya imbwa, mi nilikuwa namcheka kila mara tukiongea ku WhatsApp. Kiisha imbwa ikaruka toka ku fotei, ligament ya goti ikakatika, oparesheni ikapita euro 2,000. Asiransi ikatoa kwanza franchise, ile sehemu mwenye imbwa anabeba mwenyewe, kisha ikamrudishia 80% ya yote iliyobaki. Ile siku sikucheka tena. Nikasema na mi natafuta.

Hapa kwetu sasa. Tangu sheria ya 2015 soko ya asiransi ilifunguliwa, SONAS, ile kampuni ya asiransi ya serikali, haiko peke yake tena, kuko makampuni ya binafsi. Nilipita ku gishe mbili mu ville. Gari, sawa. Moto ya nyumba, sawa. Safari, sawa. Imbwa? Mama mmoja akaniuliza kama ni kwa ajili ya ferme ya ng'ombe, nikasema hapana, ni imbwa moja, akaniangalia vile mtu anaangalia mtoto anayeuliza mwezi unauzwa bei gani.

Basi nikapata kitu kinachofanana, abonema ya kliniki moja ya wanyama (jina naacha, ju shida yangu nao tulimaliza). Dola 12 kwa mwezi. Unapata vaksini za mwaka, dawa ya minyoo mara 4, konsiltasio bure, na ukipata ugonjwa ao ajali banabeba 70% mpaka dola 200 kwa mwaka. Hawaiiti asiransi lakini ukisoma ni asiransi tu, iko na plafond (mwisho wa pesa banatoa), iko na carence (siku za kungoja mbele ya kubebwa), iko na yote.

Nianze na kizuri. Vaksini zilikuwa za kweli. Nasema hivyo ju mu hii muji yenye kurantu inakatika saa yoyote, vaksini inatakiwa kukaa kati ya digri 2 na 8, na kuna batu banakuuzia chupa imelala mu frigo ya moto tangu jana, imbwa anadungwa sindano ya maji tu. Huyu dokta, kijana aliyesoma udokta wa wanyama hapa hapa ku UNILU, chuo kikuu chetu, sikumuuliza kitu, alifungua frigo mwenyewe akanionyesha termometre, iko 5, kisha akanionyesha ile betri inashika frigo kama kurantu imeenda. Hapo nilimpenda.

Sasa kibaya. Niliingia mwezi wa kumi. Mwezi wa kumi na moja mvua ikaanza, na mvua ikianza kupe zinatoka sawa zimeitwa. Asubuhi moja Makayabu hakuamka ku jua lake, nikamwekea bukari na ndakala akageuza kichwa. Akatoka nje, akakojoa pembeni ya muembe, mkojo ulikuwa rangi ya chai bila maziwa. Nikainua mdomo wake, ufizi mweupe sawa karatasi. Piroplasmose. Kupe inaingiza kadudu mu damu, kale kadudu kanavunja chembe nyekundu, njo maana mkojo unakuwa vile. Ukichelewa imbwa anaenda. Alidungwa sindano yake, akawekewa serumu, tuliitundika ku msumari wa kalendari mu jikoni ya kliniki ju chumba kingine kilijaa, nikakaa chini pale na kichwa chake ku goti langu mpaka saa tatu usiku.

Alipona. Fakitire dola 62. Natoa karti, dokta anafungua kontra, anaweka bic ku mustari mmoja mudogo: ugonjwa unabebwa kisha siku 30. Mi nilikuwa siku ya 26. Siku 4 tu!

Nilikasirika sana, nilisema maneno mengine sirudilie hapa. Lakini usiku nikamwita yaya, akafungua kontra yake, na yake iko na ile ile kitu, tena ngumu zaidi, ajali siku chache, ugonjwa zaidi ya mwezi, oparesheni zingine miezi. Na ugonjwa imbwa alikuwa nao mbele ya kusaini, habebwi kabisa. Ukifikiri vizuri ni lazima, ama sivyo kila mtu angesaini siku imbwa inalala chini. Sawa, nakubali. Kile sikubali ni kwamba ile siku nililipa dola 12 ya kwanza, mtu wa gishe aliongea dakika 20 ju ya rangi ya karti na hakusema neno moja ju ya siku 30.

Kiisha mwezi wa sita Makayabu akamuma mtoto wa jirani. Mtoto aliingiza mkono mu sahani yake akiwa anakula, lakini mambo hayo unaenda kusema kwa nani? Mama yake, akili sana huyu mama, aliosha kidonda na sabuni na maji ya kukimbia karibu robo saa mbele hata ya kulia. Rage, ule ugonjwa wa kichaa cha imbwa, si mchezo, ikishaonyesha dalili mtu haponi, na karibu yote inayoua batu inatoka kwa imbwa. Makayabu alikuwa na vaksini yake, karneti iko pale, tukamfunga siku 10 kumwangalia, hata hivyo ku santre ya afya bakaanza kumdunga mtoto, na ni sawa. Sindano, transpori kwenda na kurudi, na mfuko wa unga wa kuomba msamaha, zote mi: dola 110. Code civil yetu, ile sheria ya raia, kitabu cha 3, inasema mwenye mnyama anabeba hasara mnyama amefanya. Abonema? Sifuri. Na yaya akaniambia hata kwake asiransi ya imbwa hailipi hiyo, ni ingine, banaita familiale, inabeba mtoto wako, imbwa yako, mpira kwa dirisha ya jirani. Nani alikuwa anajua?

Hesabu sasa. Nilitoa 144. Nilipokea vaksini za 30, minyoo 20, konsiltasio tatu ya 10-10, na punguzo ya 21 siku chupa ilimkata ku mguu. 101. Nimepoteza dola 43, sikufa. Lakini fakitire mbili kubwa za mwaka, 62 na 110, zote zilipita pembeni ya karti.

Na kitu kingine: yaya analipa kwa sababu kule fakitire ya 2,000 inaweza kumuangukia kesho. Mi hapa Makayabu akikata ligament, hakuna mtu atanitolea fakitire ya 2,000, atachechemea tu, masikini. Asiransi inalipa matunzo yenye iko. Shida yetu hapa si bei tu, ni kupata mtu wa radio, ile picha ya mifupa, siku ya mungu usiku.

Kama una kaimbwa kachanga, chukua mwaka wa kwanza, ju vaksini ni mingi, kuanzia wiki ya 6 ao 8, unarudia kila wiki 3 ao 4 mpaka wiki ya 16, hapo unapata faida. Berger allemand ya Golf, kartie ya matajiri, ya dola mia ngapi, pia chukua. Imbwa mkubwa wa kawaida, mi siendelei. Tumejipanga batu 5 wa avenue, dola 5 kila mtu kwa mwezi mu kesi moja, sanduku ya pamoja, si ile likelemba ya kupokezana, inatoka tu kama mnyama amegonjwa ao ameuma mtu. Tayari mmoja alitaka kukopa kununua kaimbwa kapya, tulimkatalia.

Wiki iliyopita kliniki ikanitumia mesaji ya kurudilia abonema. Nikajibu asante, nitalipa vaksini moja moja. Dokta mwenyewe akaandika: "Sawa dada, ya rage ni mwezi wa kumi, na umfunge mdomo, mara ya mwisho alikula kalendari yangu."