TAHADHARI: Moletoni bandia za rola za maji, zinamwaga nyuzi

Wachapaji wa ofseti, kuweni macho na wauzaji wa mtandaoni wanaotangaza moletoni, yaani vitambaa vya bomba vinavyovikwa rola za maji (zile zinazolowesha pleti), "visivyotoa hata uzi mmoja". Moletoni yoyote mpya ya pamba hutoa manyoya kidogo mwanzoni, kwa hiyo ahadi hiyo peke yake inatia shaka. Mbinu yao ni kuchukua kitambaa cha kawaida, kukishona kiwe bomba, kukitia wanga na kukipiga pasi manyoya yalale. Kikiwa kikavu kinapendeza. Kikilowa, wanga unatoka na nyuzi zinaachia.

Nyuzi hizo huhamia kwenye pleti (bamba lenye picha ya kuchapwa), na kutoka hapo kwenye blanketi (mpira unaopeleka wino kwenye karatasi) na rola za wino. Uzi ulioshiba maji haupokei wino, ndiyo maana karatasi inabaki na kialama cheupe chembamba kilichopinda kama unywele, hasa penye rangi iliyojaa. Doa la mviringo lenye kiini cheusi na pete nyeupe ni jambo jingine. Mara nyingi hilo ni ngozi ya wino uliokauka.

Mkilalamika, muuzaji atasingizia karatasi. Nasa uzi kwenye blanketi kwa selotepu uupime: nyuzi za karatasi kwa kawaida hazizidi milimita 3 hivi, za pamba zinaweza kufika 25.

Kabla ya kulipia mzigo wote, omba kipande. Kigeuze nje ndani: moletoni nzuri hufumwa mviringo, haina mshono wa urefu. Mshono unagusa pleti kila mzunguko na kuacha mstari wa maji yasiyo sawa. Kisha kiloweke dakika 10 katika maji safi ya vuguvugu, kwenye beseni jeusi, ukikamue. Maji yakiwa na utelezi na weupe, dondoshea ayodini. Yakigeuka buluu-nyeusi, huo ni wanga.

Hata iliyo nzuri ioshe, ikamue, uiviringishe juu ya karatasi chakavu safi kabla ya kuifunga, halafu rekebisha upya mgandamizo wa rola.

Kama bandia imeshaingia mashineni, kuifuta pleti tu hakutoshi. Ivue, osha blanketi na rola zote za wino, mwaga maji ya trei na usafishe chujio la tangi, la sivyo nyuzi zitazunguka tena. Na msikubali ile kauli ya wauzaji, "ikishalowa hairudishwi": kubalianeni kuhusu jaribio la kuloweka kwa maandishi, kabla hela haijatoka.