Gitaa la umeme la kuanzia: lipi ununue ukiwa Unguja au Pemba

Igawe pesa yako kabla hujatoka nyumbani. Thuluthi mbili ziende kwenye gitaa, iliyobaki iwe ya amplifaya ndogo, waya na nyuzi za akiba. Wengi humaliza zote kwenye gitaa, wakafika nyumbani na kitu kisichosikika hata chumba cha pili.

Halafu jiulize unataka kupiga nini. Kama roho yako iko kwenye taarab asilia, na maqam (ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu) kama bayati na rast, gitaa litakukwaza. Freti zake, yaani vile vyuma vidogo vilivyokatiza shingo, zimegawa sauti kwa nusu nusu, na zile robo sauti unazozipata kwenye udi na fidla humo hazimo. Nunua udi. Gitaa la umeme linakaa kwenye taarab ya kisasa, dansi, rege na nyimbo za hotelini, na huko kote kinachotakiwa mwanzo ni sauti safi, kila uzi usikike. Nimepanga kwa kigezo hicho, na kwa chengine: likiharibika, fundi wa hapa hapa aweze kulishika.

Nafasi ya kwanza naipa Yamaha Pacifica. Namba 112 ina mwili wa mti wa alda na pikapu tatu, yaani vile visumaku vya chini ya nyuzi vinavyonasa sauti: mbili nyembamba zenye sauti ya kung'aa, na moja nene karibu na daraja, pale nyuzi zinapofungwa mwilini, kwa sauti nzito. Kwenye 112V, ukivuta kitufe cha toni ile nene nayo inageuka nyembamba, kwa hiyo gitaa moja linakutosha kwa dansi na kwa roki. Namba 012 ni ya bei ya chini, si mbaya, ila ukiweza kungoja mwezi mmoja uongeze pesa, ngoja. Freti za Pacifica huwa zimepigwa msasa vizuri pembeni, hazikwaruzi kiganja. Pacifica lililotumika likatunzwa nalichagua mbele ya gitaa jipya la bei hiyo hiyo la kampuni nyengine yoyote katika orodha hii.

La pili ni Squier, tawi la bei nafuu la Fender. Magitaa ya Sonic yalitoka mwaka 2023 kuchukua nafasi ya Bullet, na Affinity yako juu yake kidogo. Maumbo yake makubwa ni mawili, Stratocaster na Telecaster, na watu hukimbilia Stratocaster. Kwa anayeanza mimi namwambia achukue Telecaster: daraja lake halichezi, kwa hiyo likishatiwa sauti linakaa, na kubadilisha uzi ni kazi ya dakika mbili. Kasoro ya pikapu nyembamba ni kuvuma. Katika nyumba ambayo waya wa ethi haupo au umekatika utasikia *mmmm* isiyokwisha mpaka uzime.

La tatu ni Epiphone, iliyo chini ya Gibson. Pikapu zake nene hazivumi, na nyuzi zake ni fupi kidogo, milimita 628 hivi dhidi ya 648 za Squier, kwa hiyo mtoto wa skuli mwenye vidole vifupi analimudu haraka. Lakini kichwa chake kimelazwa nyuma, na magitaa ya namna hii yakianguka huvunjika hapo hapo shingoni. Kama utakuwa unapanda nalo daladala kila siku, fikiri mara mbili.

Ibanez Gio nimeiweka ya nne kwa ladha yangu tu. Shingo nyembamba, vidole vinakimbia, anayependa roki nzito ataniona mjinga.

La mwisho ni boksi lisilo na jina, lenye gitaa, amplifaya, mkanda na begi vyote pamoja. Mengine yanapigika, lakini hakuna mawili yaliyo sawa, kwa hiyo usinunue bila kulishika. Na jihadhari na majina makubwa kwa bei ya kutupa. Muuzaji atakwambia: "Sheikh, hii orijino hasa, imetoka Dubai." Mwombe alichomeke kwenye spika ulisikie. Akikwambia spika hana, mwachie salamu uondoke.

Kukagua ndiko kunakookoa pesa. Shika kichwa cha gitaa, funga jicho moja, itazame shingo kama seremala anavyotazama ubao. Mpindo mdogo wa kwenda mbele ni wa kawaida, na chuma kilichomo ndani ya shingo hurekebishwa kwa ufunguo wa pembe sita. Shingo iliyojinyonga haitengenezeki. Kisha bonyeza kila uzi kwenye kila freti, moja baada ya moja, usikilize unaokereza au unaokufa. Nyuzi zikae kama milimita 2 juu ya freti ya 12, au pungufu kidogo. Tia sauti kwa programu ya simu, piga uzi wazi, halafu ubonyeze freti ya 12: noti iwe ile ile, juu zaidi tu. Malizia kwa kuchomeka waya na kuutikisa. Jeki, yaani tundu la waya, ikikwaruza, usiogope. Fundi redio yeyote mwenye lehemu anaimaliza, na wewe umeshapata sababu ya kuteremsha bei.

Kuhusu amplifaya, nyumba za Mji Mkongwe zinashirikiana kuta, na jirani hakukuomba umfundishe nyimbo. Kiamplifaya cha hedifoni kama Vox amPlug huchomekwa kwenye gitaa lenyewe na kinakwenda kwa betri ndogo mbili, kwa hiyo umeme ukikatika unaendelea. Ukipata amplifaya ya mtumba, soma nyuma kabla ya kuiwasha: ya Japani ni ya volti 100, ya Marekani 120, na umeme wetu ni 230. Bila transfoma itaungua mbele ya macho yako.

Hewa ya chumvi nayo inakula nyuzi. Nunua seti tatu za nyuzi za unene wa namba 9 hadi 42, futa kila uzi kwa kitambaa kikavu ukimaliza kupiga, na usilitundike gitaa kwenye ukuta unaotazama bahari. Nyuzi zilizopakwa utando wa kuzikinga, kama za Elixir, ni ghali lakini zinachelewa kushika kutu, na kwa anayekaa Jambiani au Nungwi zinajilipa.

Pa kuanzia kuuliza ni kwa wapigaji wenyewe: wanafunzi na walimu wa Dhow Countries Music Academy, chuo kilichoanzishwa Mji Mkongwe mwaka 2002, na vijana wa bendi za hotelini, ambao mara nyingi huuza la zamani wakipata jipya. Ukikosa, Kariakoo ya Dar es Salaam ni mwendo wa boti wa saa mbili hivi kutoka Unguja. Nenda na mtu anayejua kupiga. Kwa aliyeko Pemba anayetumiwa, aombe video ya gitaa likipigwa freti kwa freti kabla ya kutuma pesa, na muuzaji alegeze nyuzi kidogo na kukizungushia kichwa nguo nzito ndani ya boksi.