Baba kuambiwa akanawe miguu: kliniki ya ngozi Mtwara

Hili nimekaa nalo rohoni tangu masika yaliyopita. Kuna kliniki moja ya ngozi hapa Mtwara mjini, na ushauri wangu ni mmoja: usimpeleke mzazi wako.

Baba ni mkulima wa korosho, Newala. Zamani alichomwa mwiba juu ya kifundo, akauchomoa akaendelea kupalilia. Palepale pakaota kitu kama chunjua, kikapanda pole pole miaka yote hiyo hadi kikawa kama koliflawa, na juu yake vidoa vyeusi kama pilipili manga iliyotwangwa. Siku ya kliniki aliamka saa tisa usiku, akaoga, akavaa soksi mpya, akawahi basi. Dada wa mapokezi kuuona mguu tu, kaziba pua: "Mzee, si ungenawa kwanza ndio uje?" Mbele ya watu, na shikamoo hajampa! Baba akapandisha soksi, kimya.

Daktari naye hakuugusa. "Fangasi za kawaida hizi." Akaandika krimu ya steroidi. Tukapaka miezi, uvimbe ukazidi, maana steroidi inashusha kinga ya ngozi na fangasi wanapata nafasi.

Tukarudi, mimi nimejaa hasira. Hapo sasa niseme haki: maabara ya humo humo kuna kijana ana utu. Alimwamkia baba, akachuchumaa, akakwangua vile vidoa, akadondoshea dawa kwenye kioo, akaniita nichungulie hadubini. Viduara vya rangi ya kahawia, vimekatwa kuta katikati. "Kromoblastomaikosisi," akasema. Kuvu wa kwenye udongo na miti, anaingia na mwiba. Kinyama kilipopimwa, jibu likawa lile lile. Baba sasa yuko kwenye itrakonazoli, dawa ya kuua fangasi, huu ni mwezi wake wa nane tangu aanze, anameza akishashiba ugali, na uvimbe umeanza kulala.

Kwa hiyo nilikuwa nawapa nyota nne kwa ajili ya kijana.

Lakini kile kipimo ni cha dakika chache tu, na kilikuwepo siku ile ya kwanza, mlango wa tatu kutoka mapokezi! Shirika la Afya Duniani limeuweka ugonjwa huu kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika tangu 2017, na daktari anayetibu wakulima anasema "za kawaida". Hapana, nafuta. Nyota moja. Baba mpaka leo analala na soksi.