Prius kwenye baridi na miteremko: D au B?
Toyota Prius ni gari la haibridi, lenye injini ya petroli na mota ya umeme, na D na B ni nafasi za gia yake. D ndiyo ya kila siku. Ukikanyaga breki mapema na taratibu, mota hugeuka jenereta na kurudisha umeme kwenye betri. Ukikanyaga ghafla, pedi za breki ndizo zinazofanya kazi zaidi, na nguvu hiyo inapotea kama joto.

B huizungusha injini bila mafuta ili ilizuie gari, na sehemu ya nguvu huishia humo. Kwa hiyo kuendesha mjini na B ukidhani unachaji zaidi ni kujidanganya. Mahali pake ni mteremko mrefu: betri ikifika karibu asilimia 80, kompyuta huacha kuichaji, na B huziepusha breki na joto kali.

Kukiwa na nyuzi 15 chini ya sifuri, betri hupokea chaji kidogo tu, hivyo hata D hurudisha umeme kidogo. Ila mlaji mkubwa wa mafuta hapo ni hita: huchota joto la maji ya injini, basi injini huendelea kunguruma hata kwenye foleni. Punguza hita, washa kiti cha joto kama kipo. Pima na upepo wa matairi. Hushuka takriban psi 1 (kipimo cha upepo) kila joto linaposhuka nyuzi 5 au 6.