Duster langu lilivyoacha kukaa kitako

Nina gari la Kimarekani, Plymouth Duster la 1972, injini ya V8 ya inchi za ujazo 318, ninaloliendesha hapa Columbus, Ohio, theluji ikishaisha. Nililinunua likiwa limekaa kitako. Springi za nyuma, zile za bapa, zilikuwa zimenyooka kama rula, na nikipita kwenye tuta nimebeba watu, ukingo wa fenda unalamba tairi: krrr, halafu harufu ya mpira. Nilipofungua tairi nikakuta mkwaruzo unaong'aa umelizunguka bega lote.

Kwanza nilikimbilia rahisi, shokapu za upepo. Unazifunga mahali pa zile za kawaida, unapitisha mpira wa upepo hadi kwenye buti, unajaza upepo kama tairi. Kwa psi 90 gari likanyanyuka vizuri, nikapiga picha. Raha ya wiki mbili. Likawa linadunda kama mkokoteni, na kwenye kona upepo unakimbia kutoka upande ulioelemewa kwenda wa pili, maana mpira wenyewe ni mmoja, basi gari linalala. Baya zaidi, uzito ulikuwa umehamia kwenye vishikio vya shokapu, ambavyo kazi yake ni kutuliza mdundo, si kubeba gari. Nilipoona ufa kwenye kishikio cha juu nikatoa upepo siku hiyo hiyo.

Nikajaribu shakeli ndefu, vile vyuma vinavyoning'iniza ncha ya nyuma ya springi. Hesabu yake huwadanganya wengi: ukirefusha inchi mbili, gari linapanda kama inchi moja tu, kwa kuwa springi imeshushwa ncha moja. Tena difu nayo inainua pua. Propela yangu ikaanza kutetema nikifika maili 60.

Ndipo nikaagiza springi mpya, pea moja, zilizokunjwa inchi mbili zaidi ya za kiwandani. Aibu yangu ni kwamba jibu nilikuwa nalo. Nimekulia Dar, nimewaona mafundi wakigonga springi za Canter kwa nyundo mpaka zinarudisha mkunjo. Ubahili tu.

Kazi ilimaliza Jumamosi nzima, nusu yake ni bolti moja. Chumvi wanayomwaga barabarani huku wakati wa baridi ilikuwa imeigandisha bolti ya mbele ya springi ya kushoto ndani ya bushi, ile kola ya mpira na chuma. Nilikuwa nimeimwagia mafuta ya kutu tangu Alhamisi. Nikatia bomba kwenye spana, nikaning'inia, na bolti ikazunguka pamoja na bushi yake kama inanicheka. Grenda ndiyo iliyotuamua.

Yubolti, zile zinazofunga springi kwenye ekseli, nunua mpya, za zamani zimeshavutika. Na bolti za kwenye macho ya springi, yale matundu ya nchani, usizikaze gari likiwa juu ya jeki! Lishushe, lisukumesukume, ndipo ukaze. Vinginevyo bushi inabanwa ikiwa imejisokota na itachanika mapema.

Springi zenyewe nazisifu, ila kichwa cha senta bolti, ile inayoshikanisha bapa katikati, kilikuwa kinene kuliko tundu la kiti chake kwenye ekseli, nikakipiga tupa. Muuzaji angeweza kusema. Pia mpira wa breki wa nyuma ulikuwa umekakamaa magurudumu yakining'inia, nikaweka mrefu zaidi.

Siku ya kwanza gari lilipanda inchi mbili na robo. Baada ya mwezi springi zikatulia, ikabaki moja na robo tatu. Taa zikawa zinamulika lami ya puani, nikaziinua. Mbele Duster halina koili, limebebwa na fito za chuma zinazojisokota, kila upande na bolti yake ya kurekebishia kimo. Nikaziongeza kidogo, si sana, kwa sababu mkao ule wa kuinamia mbele ndio nilioutafuta.

Jumapili nilibeba wazee wawili siti ya nyuma kutoka kanisani. Mmoja akaniuliza mbona gari limeinama kama ng'ombe anayekunywa maji. Tukapita tuta la getini, nikatega sikio. Kimya.