Hitchcock au Strong? Kamusi mbili za bure za majina ya Kiebrania

Programu nyingi za Biblia za simu hutoa bila malipo vitabu viwili vya kutafutia maana za majina: orodha ya Roswell Hitchcock, ya karne ya 19, yenye majina zaidi ya 2,500, na kamusi ya Kiebrania iliyomo ndani ya itifaki (faharasa ya maneno yote ya Biblia) ya James Strong ya mwaka 1890. Hakimiliki za vyote viwili zimekwisha. Kwa mhubiri, mwalimu wa Biblia au mzazi anayemtafutia mtoto jina, uamuzi wetu ni huu: Strong nyota 4 kwa 5, Hitchcock nyota 1.

Vipime kwa majina ambayo watu huyaruka. Katika 2 Wafalme 22:14, Hilkia, Ahikamu, Akbori, Shafani na Asaya wanamwendea nabii Hulda baada ya kitabu cha torati kuonekana hekaluni. Watatu kati yao wana majina ya wanyama wadogo: Akbori ni panya, Shafani ni pimbi, yule wa kwenye miamba, na Hulda ni kicheche, ingawa wengine husema fuko. Wawili wamebeba jina la Mungu mwishoni: Hilkia, "Bwana ni fungu langu", na Asaya, "Bwana ametenda".

Sasa fungua Hitchcock. Hulda ameandikiwa "ulimwengu". Kosa lina chanzo chake: konsonanti za *holedi*, yaani kicheche, ndizo zilezile za *heledi*, neno la dunia na maisha linalopatikana katika Zaburi 49:1. Hitchcock ameshika neno lisilo lenyewe. Kwa Shafani anatoa sungura na panya mwitu, kisha anaongeza "mdomo wao", kwa kuwa neno la Kiebrania la mdomo huanza na *sini* na Shafani huanza na *shini*, na hizo mbili huandikwa kwa herufi moja na hutofautishwa kwa nukta tu. Maana zote zimepangwa mstari mmoja, bila mzizi (neno la asili ambamo jina limetoka) wala aya, na hakuna kinachomwonyesha msomaji ipi ina msingi. Ubovu wa orodha hii uko hapo, maana ndizo hizo zinazonakiliwa kwenye vitabu vya majina ya watoto.

Strong humwonyesha msomaji njia aliyopita. Kila neno la Kiebrania lina namba yake, na H husimama kwa Kiebrania (*Hebrew*). Hulda ni namba H2468, naye Strong anakuelekeza H2467, mnyama mwenyewe, ambaye yumo katika orodha ya Walawi 11:29. Unaweza kwenda kuhakiki.

Usitafute kwa tahajia ya Kiswahili, hutapata kitu, kwa sababu Strong alifuata Biblia ya Kiingereza ya King James: Yabesi kwake ni Jabez, Yaeli ni Jael. Tafuta kwa aya. Fungua King James yenye namba za Strong, nenda kwenye aya, gusa jina, soma namba, fuata mzizi, halafu gusa namba ya mzizi uone neno hilo limetumika wapi kwingine. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo wengi huiacha, na ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote. Angalia pia jina limebebwa na watu wangapi: chini ya Zekaria, Strong anahesabu Waisraeli 29.

Namba zinaokoa pia pale tahajia zetu zinapofanana. Kwa Kiebrania, Abeli nduguye Kaini (H1893) huanza na herufi *he*, na ni neno lilelile ambalo Mhubiri hutumia kwa "ubatili", kwa asili pumzi au mvuke. Abeli iliyomo katika majina ya miji (H59) huanza na herufi *alefu*, na inahusu mbuga ya majani. Kwa herufi zetu huoni tofauti yoyote.

Nyota moja Strong ameipoteza kwa sababu mbili. Ya kwanza ni mizizi ya kukisia. Kwa Yabesi (1 Mambo ya Nyakati 4:9) anataja mzizi "usiotumika" ambao huenda ulimaanisha kuhuzunika. Ukiona maneno hayo, jua kwamba mzizi huo haupo popote pengine katika Biblia. Ukweli umo ndani ya aya: mama anasema amemzaa kwa huzuni, na neno lake la huzuni lina herufi *aini, sade, beti*, wakati jina lina *aini, beti, sade*. Mama anacheza na sauti, amegeuza herufi. Mhubiri akisema "Yabesi maana yake huzuni" amelikata fundo ambalo aya yenyewe imelifunga kwa ustadi.

Sababu ya pili ni majina ya kigeni. Finehasi (H6372) amefasiriwa "kinywa cha nyoka", kwa kuunganisha neno la kinywa na neno la nyoka. Wataalamu wengi wa leo wanaliona kuwa jina la Kimisri, *Panehesi*, "Mnubi", na linaeleweka vizuri katika ukoo wa Lawi, ambamo Musa mwenyewe ana jina linalohusishwa na Misri. Kwa hiyo jina likiwa la mtu aliyezaliwa Misri, Babeli au Uajemi, usiishie kwa Strong. Linganisha na kamusi ya Brown, Driver na Briggs ya 1906, ambayo nayo hupatikana bure na programu nyingi huifungua kwa namba zilezile za H.